Kwaya Ilipojibu Dodoso Langu

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka thelathini na minane, shahada ya kilimo niliyoipata Morogoro, na kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Lewisville. Udongo niliousomea miaka minne sikuwa nimeugusa tangu nitue Texas, ukiacha ule wa kwenye chungu cha maua mlangoni kwangu, na maua yenyewe yalikufa. Basi nikaamua kurudi shule nikasome saikolojia. Mama yangu aliuliza mara tatu kwenye simu, "Kwa hiyo unasomea vichaa?" Nikamwambia nasomea watu. Akasema watu hawasomewi, watu unakaa nao tu.

Sababu yangu ilikuwa hii. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nawatafsiria watu wa mtaa wa Vickery Meadow wanapokwenda kliniki, Warundi na Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa Dallas. Daktari anauliza, "Unalala vizuri?" Mgonjwa anaanza tangu mwaka aliovuka mpaka, anasimulia dakika kumi, analia, ananyamaza, anaanza tena. Halafu daktari ananigeukia mimi, na ninachoweza kumpa ni sentensi moja: anasema halali vizuri. Roho ilikuwa inaniuma. Nikasema siku moja na mimi nitakaa kwenye kiti kile cha anayeuliza, na dakika kumi za mgonjwa nitazisikiliza zote.

Chuo kilikuwa na mpango wa watu wa aina yangu, waliosoma mambo mengine kabisa na sasa wanataka kuhamia saikolojia. Mnalishwa mwaka mmoja masomo ya msingi ambayo wenzenu waliyatafuna miaka minne, ukifaulu unaingia uzamili wa ushauri nasaha mwezi wa nane. Tulikuwa kumi na mmoja. Alikuwemo mhasibu aliyechoka, mwanajeshi mstaafu, na msichana aliyesomea kupiga fidla. Na nilifurahi, jamani! Sijawahi kufurahia shule vile hata nilipokuwa mtoto. Nilisoma jinsi mtoto mchanga anavyoijua sauti ya mama yake, nikasoma kwa nini mtu anakumbuka harufu ya jikoni kwa bibi na anasahau ufunguo ameuweka wapi. Nilikuwa nakunja mashuka pale kazini huku nawahubiria wenzangu mpaka wakawa wananikimbia. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, dereva wa malori wa zamani, alijitolea kunishikia kadi za maswali. Nikikosea alikuwa anapiga honi kwa mdomo.

Shida ilikuwa somo moja, Mbinu za Utafiti. Profesa wake alikuwa mama mfupi wa hapohapo Texas, mwenye buti za ngozi na sauti ya kuswaga ng'ombe, na hakuwa na utani na tarakimu. Mtihani wa katikati ya muhula nilipata C. Barua ya chuo ilikuwa imesema waziwazi: asiyepata B katika somo hili, nafasi yake ya uzamili anapewa mwingine, na hakuna kurudia. Kilichobaki cha kuniokoa kilikuwa utafiti mmoja mdogo wa vitendo. Nikiuharibu, narudi kukunja mashuka bila cha kuhubiri.

Nikatunga dodoso la maswali kumi na tano kuhusu upweke wa watu waliohamia mbali na kwao. Unalala vizuri siku ngapi kwa wiki? Una watu wangapi unaoweza kuwaeleza shida zako? Umewahi kukaa na watu na bado ukajisikia uko peke yako? Nililiandika kwa Kiswahili, juu kabisa nikaweka kwa wino mzito: Hakuna jibu sahihi wala jibu la kosa. Profesa akasoma tafsiri yake, akapitisha pamoja na fomu ya ridhaa, akatuonya darasa zima: karatasi usiwaachie watu, kaa nao, kila mmoja ajibu peke yake.

Mimi huyo nikaenda kwa kwaya. Ilikuwa kwaya ya parokia, Warundi wengi na Wakongo wachache, inafanya mazoezi Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa Kirundi, mnene, mpole, mwenye sauti ya kwanza inayotikisa madirisha, aliyekaa kambini Kigoma zaidi ya miaka ishirini hata Kiswahili chake kikawa kama changu. Katibu alikuwa baba wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini, mfanyakazi wa ghala huko Mesquite, mtu wa kalamu mbili mfukoni kila siku ya Mungu.

Nikawasomea fomu ya ridhaa. Nilipofika mahali panaposema mshiriki anaweza kuacha wakati wowote, mwenyekiti akanikatiza.

"Tukiacha, wewe watakufukuza?"

"Hapana, mama. Ila sitakuwa na kazi ya kupeleka."

"Basi hatuachi." Akawaza kidogo. "Na haya majibu atayasoma nani?"

"Profesa wangu."

"Mzungu?"

"Mzungu."

"Akiyapenda, wewe unapita?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilikuwa naangalia saa, zamu yangu kazini ilikuwa imekaribia. Nikacheka, nikajibu, "Ndiyo mama, niombeeni!" Ukumbi mzima ukaitikia amina. Katibu akasimama akasema, "Bon, dada, leo kuna mazoezi. Utuachie karatasi, Jumamosi ijayo utazikuta tayari." Nikaziacha. Onyo la profesa nalikumbuka kabisa, likiwa la moto, na bado nikaziacha. Mtu mzima hovyo.

Jumamosi iliyofuata nilipokewa kama bibi harusi. Palikuwa na mandazi, palikuwa na maharage ya mawese, na bahasha ya kaki ambayo katibu alinikabidhi kwa mikono miwili. Karatasi ishirini na nne, zimepangwa, zimebanwa, hakuna hata moja yenye doa. "Tumekufanyia kazi safi," alisema. Mwenyekiti alinikumbatia mpaka mgongo ukalia.

Nilianza kuingiza majibu kwenye kompyuta kesho yake baada ya misa. Karatasi ya kwanza: analala vizuri siku nne kwa wiki, ana watu watatu wa kuwaeleza shida. Ya pili: siku nne, watu watatu. Ya tatu, nne na tatu. Nikafikiri nimejichanganya, nimeingiza mtu mmoja mara tatu. Nikazitandaza zote sakafuni. Loh! Swali la kwanza hadi la kumi na tano, watu ishirini na watatu walikuwa na upweke uleule, usingizi uleule, hamu ya nyumbani ileile, na marafiki watatu watatu. Ile hesabu inayoonyesha watu wanatofautiana kiasi gani ilitoka sifuri, safu nzima, sifuri sifuri sifuri. Karatasi ya ishirini na nne peke yake ndiyo iliyokuwa tofauti, na ilibandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa katibu: "Huyu bwana hakuhudhuria kikao. Usimhesabu."

Nilikaa pale sakafuni nikiwa sijui nicheke au nipige kelele. Nikapiga kelele.

Jumatatu nikazipeleka kwa profesa kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa. Alizipitia moja baada ya nyingine, buti moja juu ya nyingine, bila kutabasamu. Akaniambia pale watu wasipotofautiana hakuna cha kupima, kazi hii hawezi kuipa alama. Akaniuliza kama nilikaa nao wakati wanajibu. Nikasema ukweli. Akasema nina siku kumi na mbili, nirudie yote, na kabla ya kurudia nikaulize kwa nini wamefanya hivi. Akasema na hilo pia liwe ndani ya ripoti.

Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kugomba. Jumamosi niliingia ukumbini wako katikati ya wimbo, nikasubiri wamalize ubeti, nikawarushia maneno. Niliwaambia wameniua. Niliwaambia niliandika kwa wino mzito hakuna jibu sahihi, wao wakakaa kikao kutafuta jibu sahihi! "Akili ni nywele," nikafoka, "kila mtu ana zake!"

Mwenyekiti akajishika kilemba chake taratibu. "Ndiyo, binti yangu," akasema. "Ndiyo maana tukienda mbele za watu tunazifunga."

Mtu mmoja wa sauti ya tatu akaangua kicheko, akanyamazishwa. Katibu alikuwa amenywea kabisa. "Dada, kidole kimoja hakivunji chawa," alisema kwa sauti ndogo. "Tulikaa saa mbili. Kila swali tulilipigia kura."

"Kura!"

"Mwacheni akae kwanza," mwenyekiti akasema. Akanivutia kiti, akakaa na yeye, magoti yetu yakagusana. "Wewe umewahi kuhojiwa?"

Nikasema nimehojiwa ubalozini, mara moja.

"Sisi tumehojiwa miaka sita." Akaanza kunieleza, si kwa huzuni, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Kule kambini, ukitaka kuletwa huku, familia nzima inaitwa. Kila mtu anaingizwa chumba chake, anaulizwa maswali yaleyale. Nyumba yenu ilikuwa na vyumba vingapi. Mlikimbia siku gani. Nani alibeba nini. Nao wahojaji walikuwa wanaanza vilevile, kwa upole: usiogope, hakuna jibu sahihi wala la kosa. Halafu wanalinganisha. "Mimi nilisema tulivuka mto asubuhi. Mdogo wangu akasema mchana. Alikuwa msichana mdogo, alikuwa na njaa, siku nzima kwake ilikuwa mchana. Faili letu wakaligawa. Langu likapita. Lake wakasema bado wanaliangalia." Akakung'uta makombo ya andazi kwenye kitenge chake. "Yuko kulekule na watoto wake wanne. Mpaka leo wanaliangalia. Sasa wewe umekuja na karatasi, maswali kumi na tano, mzungu atasoma, akiyapenda unapita. Tungekuachaje, mwanangu? Tungekuachaje ukwame kwa sababu huyu kasema asubuhi na yule kasema mchana?"

Sitasema machozi yalinilengalenga. Nililia, kamasi na kila kitu, mbele ya sauti zote nne. Nililia kwa aibu ya ule mdomo wangu, na nililia kwa sababu sijawahi kupendwa namna ile na watu ishirini na watatu kwa mpigo. Katibu alinipa leso yake, akasema nikae nayo.

Nilipotulia niliwaeleza upya, safari hii bila haraka. Hakuna anayepita wala kukwama kwa majibu yake. Anayepimwa ni mimi, na napimwa jinsi ninavyouliza. Mkifanana wote, profesa ataona mimi sijui kuuliza. Wakatazamana. "Kumbe mtihani ni wa kwako!" katibu akasema, na nikaona mzigo unamshuka mabegani.

Walikubali mmoja mmoja, kwa sharti moja. Hawataki kuingizwa chumbani na kufungiwa mlango, vyumba walivyokwisha kuviona vinatosha. Kwa hiyo niliuliza mahali watu walipokuwa na mikono yao inafanya kitu. Niliuliza kwenye chumba cha mashine za kufulia, nikisaidia kukunja. Niliuliza tukitembea kwenda kituo cha treni, nikiandikia juu ya mkoba wangu. Niliuliza jikoni, ndizi zinamenywa, watoto wanapita wakiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Siku zile zilizobaki nilikuwa na furaha kama mwendawazimu, maana kila mtu alikuwa mwingine.

Mama mmoja alikuwa na watu tisa wa kuwaeleza shida zake, akanitajia wote, sita wanaishi jengo lake. Kijana wa sauti ya nne alisema yeye hana mtu, analieleza gari lake, na gari halijawahi kumsengenya. Mwingine, mwenye watoto saba kwenye vyumba viwili, aliposikia swali la upweke alisimamisha kisu akauliza upweke wenyewe unapatikana wapi, aende japo saa moja. Katibu alijibu mengi kwa kichwa tu, mpaka tulipofika swali la kukaa na watu ukajisikia uko peke yako. Hapo aliniomba nimrudishie kalamu, akajaza mwenyewe, akaikunja karatasi mara nne ndipo akanipa.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Tulikuwa jikoni kwake anachambua maharage kwenye sinia. Nikauliza swali la kwanza.

"Wenzangu wamesemaje?" akauliza.

"Siwezi kukuambia, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akacheka mpaka sinia likatikisika. Kisha akaliweka chini, akajifuta mikono, akakaa sawasawa. Alijibu maswali yote kumi na tano, moja moja, kwa muda mrefu, na pengine alikuwa hajawahi kuulizwa kitu akijua hakuna wa kufananishwa naye. Alichosema siandiki hapa.

Siku ya kuwasilisha ilikuwa mwezi wa tano, 2019. Kosa langu, kama ni kosa, ni kumwambia mwenyekiti kwenye simu kwamba nitasimama mbele ya profesa na ataniuliza maswali. Basi. Sikusema njooni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua slaidi ya kwanza mlango ukafunguliwa, wakaanza kuingia. Vitenge vya sare ya Pasaka, vilemba vimefungwa hasa, katibu kwenye suti. Walikuwa kumi na watatu, wamekuja kwa treni na basi mbili na mwendo wa jua kali. Walisalimia darasa zima kwa mikono, mmoja mmoja, profesa akiwemo, wakajaza safu ya nyuma.

Nami slaidi yangu ya pili ilikuwa inasema, kwa herufi kubwa, kwamba washiriki wa utafiti huu hawatatajwa wala kutambulika. Niliisoma kwa Kiingereza. Safu ya nyuma, waliponiona nanyoosha kidole ukutani, wakanipungia mkono wote.

Mwanajeshi mstaafu aliinamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika. Profesa akauliza hawa wageni ni nani. Kabla sijatunga uongo, mwenyekiti alisimama akaniambia nimtafsirie. "Mwambie mtu haendi kwenye mahojiano peke yake. Na mwambie asiwe na wasiwasi, sisi hatutasema neno. Atajibu mwenyewe."

Nikatafsiri yote, safari hii sentensi kwa sentensi, sikupunguza kitu. Profesa alimsikiliza, akainuka, akakisukuma kiti chake chenye magurudumu mpaka safu ya nyuma, akampa katibu ambaye alikuwa amekosa pa kukaa. Yeye akakaa juu ya meza, buti zinaning'inia, akaniuliza maswali matatu magumu hasa. Kwa nini sikuzitupa zile karatasi za kwanza? Nikasema kwa sababu zilikuwa zimepima kitu, ila si kile nilichouliza mimi. Kila nilipomaliza jibu, safu ya nyuma ilitikisa kichwa kukubali, na hawakuwa wameelewa hata moja.

Alama zilitoka baada ya juma moja. Nilikuwa kazini, saa sita mchana, mashuka mkononi, simu ikatetemeka. B. Haikuwa na alama ya kujumlisha wala ya kutoa, B imekaa peke yake. Nilitoka mpaka kwenye maegesho nikampigia simu mwenyekiti, Vickery Meadow.

"Mama, nimepita."

Nikangoja kigelegele.

"Wamesema umepita," akauliza polepole, "au wamesema bado wanaliangalia?"

"Nimepita, mama. Imeandikwa."

"Hawatakuita tena? Hawatarudi kuuliza?"

"Hawarudi. Imeisha."

Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu, mlango wa kibaraza unasukumwa, na ile sauti ya kwanza inaachiwa juu ya ua mzima wa majengo yale: "Tumepitaaa!" Kigelegele kikaitika kutoka chini, kingine ng'ambo, kingine juu, sijui hata kama wote walijua tumepita nini. Nilikuwa nimesimama kwenye jua la maegesho nacheka peke yangu na shuka la mtu begani.

Akarudi kwenye simu anahema. "Haya, binti yangu," akasema. "Safari lini?"

"Mwezi wa nane, mama," nikamwambia.